Kihenge Kikikwama, Nani Huingia Ndani?

Ukisikia wahandisi wamejifungia ukumbini siku tatu wakijadili ngano, saruji na mchanga, utadhani wanasubiri posho tu. Mimi si mhandisi, stashahada yangu ni ya uandishi wa habari, lakini nimewahi kuketi katika semina ya namna hiyo, na nasema mada yake inahusu roho za watu.

Shehena ya kichele ni ile isiyotiwa magunia. Huhifadhiwa katika vihenge virefu vya chuma au zege na kutolewa kwa tundu la chini. Wengi hudhani itateremka kama maji. La hasha! Mwaka 1895 mhandisi Mjerumani, H. A. Janssen, alionyesha kwamba kuta za kihenge hubeba sehemu kubwa ya uzito wa nafaka kwa msuguano. Punje huegemeana na unga hushikana. Juu ya tundu hujengeka tao, kama lile la mlango wa msikiti, na mzigo wote ukasimama.

Hapo mfanyakazi hupewa fito, akaambiwa aingie akachokoe. Tao likivunjika, nafaka humvuta chini. Aliyezama hadi kiunoni hawezi kujitoa mwenyewe, na mwenzake anayerukia kumwokoa naye huzama.

Dawa ipo. Mwaka 1964 Andrew Jenike, wa Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, alitoa kazi yake maarufu juu ya uhifadhi na mtiririko wa vitu vya namna hii. Alifundisha kuupima kwanza mzigo wenyewe: unashikana kiasi gani, unateleza vipi juu ya bati. Ndipo mwinamo wa kitako na upana wa tundu hupatikana kwa hesabu. Anayenakili kihenge cha mahindi ili atie unga wa muhogo anajitafutia balaa.

Kuna na vumbi. Februari 7, 2008, kiwanda cha sukari cha Imperial Sugar huko Port Wentworth, Georgia, Marekani, kililipuka, wakafa watu 14. Mkanda wa kusafirishia sukari chini ya vihenge ulikuwa umefunikwa kwa mabati mwaka uliotangulia, vumbi likakosa pa kutokea. Naam, sukari hii hii ya chai!

Kinachonikera ni kwamba semina hizi huhudhuriwa na mameneja na wahandisi, mwenye fito hayumo. Cheti hutundikwa ofisini, naye huendelea kupanda ngazi. Basi bwana mhandisi, ukirudi kazini, bandika mlangoni mwa kihenge, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: mtambo wa kutolea uzimwe na swichi ifungwe kwa kufuli, mtu asisimame juu ya nafaka wala chini ya mzigo uliokwama, anayelazimika kuingia afungwe kamba, na nje abaki mtu wa kuishika.