Nyumba ya Dago kwa Mvuvi Aendaye na Ahali Yake

Miezi ya kaskazi inapokaribia, na bahari iliyochafuliwa na kusi tangu Juni ikaanza kutulia, wavuvi wa Sudi na wa vijiji jirani vya pwani ya Lindi hushona nyavu, hukalafati vyombo, na hushauriana juu ya dago watakalokwenda. Dago, kwa msomaji wa bara asiyepata kuliona, ni kambi ya wavuvi waliohama kwao kwa muda kufuata samaki; hukaa katika ufuko wa wenyeji wengine au katika kisiwa, kwa wiki chache au kwa msimu mzima, kisha hukunja kilicho chao wakarejea. Wako wasiokwenda mbali na ghuba yao yenye mikoko, na wako wanaoipita Lindi na Mchinga hadi Kiswere, au wakasonga mbele hata Kilwa na Songosongo, ambako wageni wa namna hii wamezoeleka tangu enzi za mababu.

Aghalabu safari hizi ni za wanaume peke yao, na kwa sababu hiyo nyumba ya dago imekuwa kitu kisichofikiriwa sana. Mabaharia wanne au watano, ambao usiku wao mwingi wautumia baharini, hutosheka na tanga lililotandazwa juu ya makasia, au na kipande cha nailoni kilichofungwa kwenye mivinje miwili, wakalala chini yake juu ya jamvi moja. Lakini wapo wavuvi wanaokwenda na wake zao na watoto wao, ama kwa kuwa mke ni mchuuzi wa samaki wa kukaanga, ama kwa kuwa ni mtafutaji hodari wa pweza miambani maji yanapokupwa, ama kwa kuwa miezi mitatu ya kutengana ni mirefu kwa watu wanaopendana. Kwa hao, kibanda cha mabaharia hakifai. Nao, kwa bahati mbaya, wengi wao hulitambua hilo usiku wa kwanza, mvua ikiwa inanyesha. Nyumba ya dago ya familia yapasa ichaguliwe nyumbani, siku nyingi kabla ya chombo kushushwa majini, na mke awe na kauli katika uchaguzi huo, maana yeye ndiye atakayekaa ndani yake mchana kutwa wakati mume yuko nyavuni.

Shauri hili si la pwani yetu tu. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, na katika sehemu nyingi za Kanada, maziwa huganda wakati wa baridi hata watu wakatembea juu yake, nao huvua samaki kwa kutoboa matundu katika barafu. Waendao na familia zao hununua nyumba ndogo yenye magurudumu, inayokokotwa na gari mpaka katikati ya ziwa, ambako magurudumu huinuliwa na sakafu ikashuka juu ya barafu. Ndani mna vitanda vya ghorofa, meko ya gesi, na matundu sakafuni ambamo mshipi huteremshwa. Idara ya maliasili ya jimbo hilo husema barafu ya unene wa sentimita 10 yatosha kwa mtu aendaye kwa miguu, lakini gari lahitaji unene mkubwa zaidi ya huo. Na ifikapo Machi kila nyumba sharti iwe imeondolewa ziwani kwa tarehe iliyowekwa na sheria. Mnunuzi wa huko hujiuliza kama gari lake laweza kuukokota uzito ule, watoto watalala wapi, moshi na hewa mbaya vitatokea wapi, na nyumba itaondoshwaje kwa haraka hatari ikitokea. Maswali hayo yote, tukiweka mashua mahali pa gari na mchanga mahali pa barafu, ndiyo yampasayo mtu wa Sudi.

Tuanze na paa, maana katika dago paa ndilo nyumba yenyewe. Pwani ya kusini ina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, pakiwa na mapumziko katikati. Kwa hiyo kaskazi, ambayo kwa mvuvi ni neema, kwa alalaye chini ya paa bovu ni mtihani. Vitu vinavyopatikana ni viwili, turubai na makuti, na kila kimoja kina fadhila na aibu zake. Turubai ni jepesi, hukunjwa likawekwa chini ya fordeki, na watu wawili hulisimamisha kabla wali haujaiva. Lakini adhuhuri ya Januari, jua likiwa utosini, chini yake hapakaliki. Mtoto mchanga hutoka vipele, maji ya kunywa huwa ya moto, na mama hulazimika kuhamia kivulini mwa mti pamoja na vyombo vyake vyote. Fauka ya hayo, turubai lisilovutwa sawasawa hupigwa na upepo usiku kucha kwa kishindo kisichompa mtu usingizi, na tundu lake la kwanza huwa mahali pa kamba, ambapo mzigo wote umeegemea.

Makuti ni baridi na kimya. Hata hivyo, atakaye kuyachagua na ajue tofauti ya kumba na makuti ya viungo, kwa kuwa wauzaji wa pembezoni mwa njia huyaita yote makuti. Kumba ni tawi la mnazi lililosukwa likiwa zima. Ni rahisi, lafaa ua na ukuta, lakini likiwa paa huvuja mapema. Makuti ya viungo ni ukuti mmoja mmoja wa jani uliokunjwa juu ya ufito na kushonwa kwa safu, kazi ambayo mafundi wake wakubwa ni wanawake. Na haya ndiyo ya kuezekea. Kabla ya kuyalipia, lishike kuti kwa ncha zote mbili, liinue kuelekea jua, kisha litazame kwa chini: kuti zuri huonyesha giza tupu karibu na ufito, na nuru kidogo tu kwenye ncha za majani, kuti baya lina mistari ya nuru mpaka juu, kwa kuwa mshonaji aliachanisha majani ili fungu lionekane kubwa. Pitisha kidole juu ya mshono. Ikiwa jani lateleza na kuchomoka, mvua italichomoa. Makuti huezekwa kuanzia upenuni kwenda juu, kila safu ikilalia ile ya chini yake, na yakizidi kuachiana nafasi ya shubiri moja fundi anabana makuti yako ama anakudanganya.

Aibu ya makuti ni wingi wake. Mzigo wa paa moja hujaza mashua, na ingawa si mzito hukamata upepo na kumzuia nahodha asione mbele. Kwa dago la wiki tatu sioni maana ya kuyabeba. Bora kununua kwa wenyeji wa huko, ambao minazi ni yao, au kutumia turubai lenye kivuli cha kumba juu yake. Njia hii ya pili nimeiona ikitendeka na naisifu kwa dhati: turubai huzuia maji, kumba chache huzuia jua, na kati ya vitu hivyo viwili, vikiachana kwa kadiri ya mkono, hewa hupita na kuondoa joto.

Miti ya kusimamishia nyumba ina shauri lake. Zamani mtu wa Sudi alishuka mikokoni na shoka akachukua nguzo na makombamoyo yake bila kuuliza, kwa kuwa mkandaa na mkoko ni miti isiyojua mchwa. Leo misitu ya mikoko ni hifadhi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na mtu akatapo bila kibali ametenda kosa. Mimi sioni uonevu katika sheria hiyo, kwa maana kamba na samaki wengi wachanga hukulia katika mizizi ile ile, na mvuvi aikataye anakata riziki yake mwenyewe. Achukue mivinje iliyopandwa, au mianzi, ambayo kwa safari ni bora hata kuliko mkandaa, kwa wepesi wake. Nguzo sita, mwamba mmoja wa juu, na makombamoyo manane hutosha. Kila mti utiwe alama ya rangi au ya kisu kuonyesha mahali pake, ili nyumba isimame jioni ya kufika bila mabishano, na ilazwe kando ya mlingoti wakati wa kurudi.

Vifungo viwe vya kamba ya usumba. Misumari hupasua mianzi na kuota kutu kwa upepo wa chumvi, na katani, ambayo Lindi imeilima kwa miaka mingi, huoza upesi ikipata maji ya bahari. Usumba, uliotokana na makumbi ya nazi yaliyofukiwa katika matope ya pwani kwa miezi kisha yakapondwa, hauiogopi chumvi. Hulegea kidogo ukikauka, basi kila asubuhi ya siku za mwanzo mtu apitie mafundo na kuyakaza.

Juu ya ukubwa, wengi hujenga nyumba fupi kwa hofu ya upepo, wakasahau kwamba mama lazima asimame ndani akiwa na mtoto mgongoni. Kwa baba, mama na watoto watatu, urefu wa pima mbili na upana wa pima moja na nusu ni kiasi, na kimo cha katikati kiwe cha mtu mzima aliyenyoosha mkono. Sitara isiachwe. Pazia la kanga au jamvi ligawe ndani pande mbili, na binti aliyebaleghe awe na pembe yake. Kulala chini si kwema mahali penye tandu na mchanga wenye unyevu. Uchaga wa fito, ulioinuliwa kadiri ya goti na kutandikwa mkeka, hubeba watoto wote, na chini yake hukaa unga na mchele. Chandarua kwa kila uchaga si anasa, kwa kuwa penye mikoko hapakosi mbu, na jioni za shwari huja usubi, ambao matundu ya chandarua cha kawaida hauyaogopi. Dawa yao ni kuchagua mahali panapopata pepo za bahari.

Kuhusu mahali, tafuta kwanza mstari wa takataka na majani makavu ulioachwa na bamvua kubwa. Katika pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na bamvua za mwezi wa tatu na wa tisa hupita nyingine zote. Mgeni aliyefika siku za maji mafu huona ufuko mpana mkavu, akajenga, na baada ya siku saba bahari humfuata kitandani. Jenga juu ya mstari huo kwa hatua nyingi. Mlango uelekee pasipo upepo. Choo kichimbwe mbali na kisima na juu ya maji ya bamvua, kwa kuwa kipindupindu kikiingia dagoni huenea kwa haraka ya kutisha. Na meko yasiwe ndani hata kidogo: cheche moja katika makuti makavu haimpi mtu wasaa wa kuamsha watoto, na jiko la mkaa likiingizwa ndani ya turubai lililofungwa usiku wa mvua hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini. Wavuvi wa barafu nao hufa kwa hewa hiyo hiyo, ijapokuwa nyumba zao ni za thamani kubwa. Kipenu cha kumba upande wa chini wa upepo, hatua kumi na tano kutoka nyumbani, ndilo jiko.

Pwani ya Lindi huguswa na vimbunga kwa nadra, lakini huguswa. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliupiga mji wa Lindi na kuua watu. Na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia, mvua na upepo wake vikaleta hasara hadi Kilwa. Redio ndogo au simu ya kusikilizia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa ni sehemu ya nyumba ya dago sawa na nguzo zake, na tahadhari ikitolewa, familia ihamie kwa wenyeji wenye nyumba za mawe, paa lishushwe, na miti ilazwe chini.

Hilo lawezekana tu kwa mgeni aliyeingia kwa adabu. Kabla hajachimba shimo la kwanza, baba aende kwa serikali ya kijiji na kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wanakijiji kinachosimamia ufuko na uvuvi wake, akiwa na leseni yake na barua ya utambulisho, alipe ushuru uliopo, na aulize ni wapi wageni huruhusiwa kukaa na kisima ni kipi. Mama naye aende kwa wanawake wa kijiji awajulie hali, kwa sababu pweza wa miambani wana wenyewe. Watoto wa shule wasitolewe darasani kwa ajili ya dago. Likizo ya Desemba huangukia ndani ya kaskazi, nayo yatosha.

Basi, kwa mwenye mashua na azma ya kukaa msimu mzima, na achague makuti ya viungo juu ya mianzi iliyotiwa alama, aezeke mara moja na alale salama. Kwa aendaye wiki chache, turubai lenye kumba juu yake halina kasoro ya kumzuia. Na kwa yule ambaye dago lake halina kisima cha maji matamu, nyumba yo yote atakayoichagua, nawasihi yeye na mkewe wamwache mtoto mchanga kwa bibi yake hapa Sudi.