Hewa Haina Mashimo

Mtu aliyesafiri kwa eropleni toka Juba kwenda Entebbe au Nairobi hakosi kusimulia kwamba njiani eropleni iliingia shimoni, ikaanguka, kisha ikainuka tena. Sisi wa Gudele, tukaao karibu na uwanja wa ndege, twayasikia maneno hayo mara nyingi. Lakini hewa haina mashimo. Hewa ni kama maji ya mto: hupanda, hushuka na kuzunguka, ila macho hayaioni. Yafaa tuyajue mambo haya, maana huenda wengine wetu watakuwa marubani, na wengi zaidi watakuwa abiria.

Sababu ya kwanza ya mtikisiko ni joto. Mwezi wa Machi, kabla ya mvua kushika, jua la Juba huchoma ardhi tupu na mapaa ya mabati kuliko majani ya kando ya Nile. Hewa iliyo juu ya mahali pa moto huwa nyepesi, ikapanda. Penginepo hewa hushuka. Mtazame mwewe adhuhuri: hupaa akizunguka bila kupiga mabawa, kwa kuwa amebebwa na hewa ipandayo. Eropleni ikikata hewa hiyo hutikisika. Ndiyo maana wenye eropleni ndogo hupenda kuondoka asubuhi na mapema. Mtikisiko huu huchafua tumbo, lakini ni nadra kuleta msiba.

Sababu ya pili ni wingu la radi, na hilo ndilo la kuogopwa. Ndani yake hewa hupanda kwa nguvu nyingi, na nyingine huporomoka pamoja na mvua. Ikifika chini husambaa pande zote, kama maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni. Rubani anayetua hukutana kwanza na upepo wa mbele, ukamwinua, naye hudhani mambo ni mema akapunguza nguvu ya injini. Mara hewa yamsukuma chini, kisha upepo wamjia kwa nyuma, mabawa yakakosa nguvu ya kubeba, na ardhi i karibu. Tarehe 24 Juni 1975 eropleni ya Eastern Air Lines ilianguka katika upepo wa namna hiyo ikitaka kutua New York, wakafa watu 113. Mtaalamu Tetsuya Fujita aliichunguza ajali hiyo, akaeleza jinsi hewa inavyoporomoka. Marubani hufundishwa wasitue wala wasiruke dhoruba ikiwa juu ya uwanja, na wakiwa njiani walipite wingu kali la radi kwa mbali, yapata maili 20.

Sababu ya tatu ni milima. Upepo mkali ukivuka mlima hufanya mawimbi upande wa pili, kama maji yapitayo juu ya jiwe, hata mbingu ikiwa safi. Tarehe 5 Machi 1966 eropleni ya BOAC, aina ya Boeing 707, ilivunjika angani karibu na mlima Fuji huko Japani, wakafa wote 124 waliokuwamo.

Siku hizi vijana wengi hujizoeza kurusha eropleni kwenye kompyuta. Jambo hilo si upuuzi. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alitengeneza mashine ya kuwafundisha marubani wakiwa chini, akitumia mivukuto ya kiwanda cha vinanda cha baba yake. Basi anayejizoeza na ajifunze kama rubani wa kweli: hewa ikichafuka apunguze mwendo hadi kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha eropleni yake, ayaweke mabawa sawa, wala asishindane na kila mrusho. Lakini akumbuke kwamba kwenye kompyuta aliyeingia katika dhoruba hubonyeza kitufe akaanza upya. Rubani hana kitufe hicho.

Na abiria afanye nini? Afunge mkanda muda wote aketipo, hata kama taa ya kumwamuru imezimwa. Tarehe 21 Mei 2024 eropleni ya Singapore Airlines, iliyotoka London, ilipatwa na mtikisiko juu ya Myanmar. Ilishuka futi 178 tu katika sekunde 4.6, lakini wasiofunga mikanda walirushwa juu, kisha wakaanguka. Abiria mmoja alifariki na makumi wakaumia.

Tena, rubani akisema kwamba safari itangoja mpaka wingu lipite, tusimnung'unikie wala kumharakisha kwa sababu ya harusi au biashara inayotungoja. Wazee walisema, kawia ufike.