Daftari la Matumizi ya Nyumbani: Kazi ya Mwalimu kabla ya Kuwa Somo la Darasa

Kila mwaka, wanachuo warudipo kutoka kwenye mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi wa Hisabati huwapa swali moja la kuandika: fedha ya kujikimu uliyokwenda nayo ilikuwa kiasi gani, nayo imetumikaje? Sehemu ya kwanza hujibiwa mpaka shilingi ya mwisho. Sehemu ya pili huanza vizuri kwa chumba, nauli na unga, kisha hufifia. Aghalabu kiasi kikubwa hubaki bila maelezo, na mwanachuo huandika chini yake, "matumizi madogo madogo." Maneno hayo matatu ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii.

Watu wengi wafundishapo habari za kutunza fedha huanza na bajeti. Sisi twaona kuwa huko ni kuanzia mwisho. Bajeti ni makadirio, na asiyejua alichotumia mwezi uliopita hawezi kukadiria cha mwezi ujao. Ataandika anachotamani tu. Kwa hiyo twashauri mwezi wa kwanza usiwe na bajeti yoyote. Andika tu. Usijikataze kitu, wala usijilaumu, kwani mtu ajilaumuye kila jioni hatimaye huanza kuruka mistari.

Daftari la kawaida la shule latosha. (Huko Japani mwandishi wa habari Hani Motoko alichapisha daftari maalumu la hesabu za nyumbani mwaka 1904, na madaftari ya namna hiyo yangali yakiuzwa, lakini hatuna haja ya kuyasubiri.) Piga safu tano: tarehe, maelezo, kilichoingia, kilichotoka, na salio. Kila jioni kabla ya kulala, linganisha salio la daftari na fedha uliyo nayo mkononi pamoja na ile iliyomo katika simu. Zikipishana, usirekebishe kwa siri, andika tofauti hiyo katika mstari wake na uipe jina la "haijulikani." Wiki ya kwanza huenda ikawa 4,000, na wiki ya tatu ikawa 500. Katika mwezi huo wa kwanza, kupungua kwa kiasi hicho ndicho kipimo cha maendeleo, si kupungua kwa matumizi.

Utumapo 10,000 kwa simu, kinachotoka ni zaidi ya 10,000. Ujumbe unaorudi hutaja kiasi, makato na salio jipya. Makato yapewe mstari wake, kwani yakichanganywa na fedha iliyotumwa hayaonekani tena.

Gumu zaidi ni habari ya kukopa dukani. Tuseme mwalimu amechukua sukari, sabuni na mafuta ya kula vya jumla ya 60,000 mwezi Machi, akalipa tarehe 2 Aprili. Akiandika siku ya kulipa, Machi utaonekana kuwa mwezi wa nafuu na Aprili mwezi wa ufujaji, hali vitu vililiwa Machi. Andika siku unayochukua kitu. Hapo, lakini, salio halitalingana na fedha ya mkononi, maana fedha haijatoka. Ndiyo sababu kurasa za mwisho za daftari hutengwa kwa madeni: upande mmoja unachodaiwa, upande wa pili unachowadai wenzako. Mathalani, mkononi na katika simu una 52,000. Mwenzako umemkopesha 5,000. Dukani wakudai 22,000. Jumlisha 52,000 na 5,000, kisha toa 22,000, nawe wapata 35,000. Hilo ndilo salio ambalo daftari linapaswa kuonyesha. Fedha uliyomkopesha mtu si matumizi mpaka hapo utakapokata tamaa ya kulipwa.

Mwenzetu mmoja tuliyefundisha naye zamani alikuwa amemwachia mkopeshaji wa mtaani kadi yake ya benki. Taratibu za utumishi wa umma nchini Tanzania zataka makato yasimwachie mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Lakini mkopo wa mtaani haumo katika hati ya mshahara, na kinga hiyo haiufikii. Alikuwa amekopa 100,000 kwa riba ya 20,000 kila mwezi, naye akawa analipa riba tu. Baada ya miezi 5 alikuwa amekwisha kulipa 100,000, na bado akidaiwa 100,000 ile ile.

Yeye alisema shida yake ni mshahara mdogo, na sisi hatukumbishia. Hata hivyo tulipoandika pamoja mwezi mzima tulikuta jambo ambalo hakulitaja. Hakuwa mfujaji hata kidogo. Alikuwa akimtumia mama yake na wadogo zake 5,000 leo, 10,000 keshokutwa, kila walipopiga simu. Angeapa kuwa hazizidi 30,000 kwa mwezi. Jumla ilikuwa 85,000. Hakuna aliyemwambia aache. Likizo ilipofika alikwenda nyumbani na daftari lake, akamwonyesha mama kurasa zile, wakapatana 50,000 kwa mara moja kila mwisho wa mwezi. Mama alikasirika kwanza, si kwa sababu ya kiasi, bali kwa kuwa hakuwahi kuambiwa habari ya deni. Ile 35,000 iliyookolewa iliongezwa juu ya 20,000 aliyokuwa akilipa, na kadi ilirudi mikononi mwake mwezi wa tatu.

Sasa tuingie darasani, tuseme Darasa la Tano. Mwanachuo asithubutu kumwagiza mtoto alete hesabu za kwao. Kipato cha mzazi ni siri yake, na mtoto wa nyumba isiyo na kitu ataaibika mbele ya wenzake. Buni kaya. Kosa tulionalo mara kwa mara katika maandalio ya somo ni kuchora ubaoni jedwali lililokwisha kujazwa na kuwaachia watoto kujumlisha tu. Simulia wiki ya kaya hiyo kwa mdomo, bila mpangilio, kama mtu asimuliavyo arudipo sokoni, na watoto waamue wenyewe kila jambo liingie safu gani. Waulize: nusu kilo ya sukari iliyokopwa Jumanne na kulipwa Jumamosi iandikwe siku gani? Katika darasa moja tulilolikagua ubishi huo ulichukua nusu ya kipindi, na aliyeumaliza ni binti amsaidiaye mama yake gengeni. Alisema Jumanne, "kwa sababu Jumatano tulikuwa tumekwisha kuinywea chai." Mwanachuo alitazama saa, akataka kumkatiza ili awahi zoezi la kitabuni. Twashukuru hakumkatiza.

Watakaokwenda mazoezini muhula ujao watachukua daftari hilo pamoja na maandalio yao ya masomo. Mkufunzi atakapowatembelea hatauliza mmetumia kiasi gani wala kwa nini. Atataka kuona kama salio la jana limelingana, na kama halikulingana, mstari wa "haijulikani" umeandikwa shilingi ngapi.