Tairi Moja Jipya Laweza Kuharibu Giaboksi

Pancha hutokea popote: kwenye foleni ya feri Likoni, karibu na mzunguko wa Changamwe, au njiani ukielekea Bamburi. Tairi likipasuka ubavuni na fundi akisema halizibiki, wengi wetu hununua moja la saizi ileile, likafungwa, safari ikaendelea. Lakini kwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, tairi hilo moja laweza kuleta hasara inayozidi bei ya matairi manne mapya.

Magari haya ni mengi kuliko tunavyodhani. Mengi yanayoshushwa katika Bandari ya Mombasa yametumika kwanza Japani, nchi ambayo sehemu zake za kaskazini hufunikwa na theluji kila mwaka. Subaru Forester hujulikana kwa hilo, lakini hata Toyota RAV4, Nissan X-Trail na Probox huja kwa aina zote mbili. Tazama kama nyuma ya gari pameandikwa AWD au 4WD. Pasipo na maandishi, mwombe fundi achungulie chini: kwa magari madogo kama haya, shafti inayotoka kwenye giaboksi hadi ekseli ya nyuma ndiyo dalili.

Hasara hutoka wapi?

Tairi lililolika huwa dogo kuliko jipya, hata kama namba za saizi ni zilezile. Chukua tairi la 225/55R17. Likiwa jipya, lenye meno ya milimita 8, huzunguka takriban mara 469 kwa kila kilomita. Meno yakibaki milimita 3, huzunguka takriban mara 476. Tofauti ni mizunguko 7 kwa kilomita. Kutoka Likoni hadi Ukunda, karibu kilomita 30, tofauti hiyo hufika mizunguko 200 na zaidi.

Gari hili limeunganisha mbele na nyuma kwa shafti. Magurudumu yakizunguka kwa kasi tofauti, kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika, hata barabara ikiwa imenyooka. Kifaa hicho kimeundwa kwa tofauti ndogo za muda mfupi, kama wakati wa kupiga kona. Kikifanya hivyo kila siku hupata moto, mafuta yake huungua, na mwishowe difu au giaboksi hufa. Kwa dereva wa teksi, hizo ni siku nyingi bila kipato.

Pikapu nyingi zenye kijiti cha 4WD ni tofauti kidogo. Zikiwa kwenye magurudumu mawili, mbele na nyuma haviunganishwi. Usiingize 4WD kwenye lami kavu.

Ufanye nini?

Lililo bora ni kubadilisha matairi yote manne pamoja, ya kampuni moja, saizi moja na mchoro mmoja wa meno. Ukiharibikiwa na moja, pima meno ya matatu yaliyobaki. Watengenezaji wengi hawataki tofauti izidi takriban milimita 2, na wengine hutaka ndogo zaidi, kwa hiyo soma kitabu cha gari. Tofauti ikizidi, tafuta tairi lililotumika lenye meno yanayokaribiana na hayo, ila kwanza likague umri na nyufa. Namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT huonyesha wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Ukinunua mawili, na tofauti iko ndani ya kipimo, yafunge pamoja kwenye ekseli ya nyuma. Usiweke moja mbele na moja nyuma. Wengi huamini mapya hukaa mbele kwa sababu ndiko kuliko usukani. Lakini lami ikilowa wakati wa masika, mbele ikiteleza gari huenda moja kwa moja, na dereva akipunguza mafuta huweza kulirudisha. Nyuma ikiteleza, gari hujigeuza na kuingia upande wa wanaokuja. Kanuni hii ni ya magari yote, hata yanayovutwa na magurudumu ya mbele pekee.

Ili matairi yalike sawa, yabadilishane nafasi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na upime upepo yakiwa baridi, kila baada ya wiki mbili. Tairi dogo la akiba ni la kukufikisha kwa fundi tu, kwa mwendo wa pole. Na meno yakifikia vijiwe vidogo vilivyo ndani ya mifereji yake, yaani milimita 1.6, tairi hilo limekwisha.

Kabla hujalipia tairi moja, mwambie fundi achukue kipimo cha meno. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano.