Sputnik na Wasikilizaji Wake

Jina la Haruki Murakami limerudi magazetini, kama lirudivyo kila Oktoba Nobeli ya fasihi inapokaribia kutangazwa. Mashabiki wake wa Tokyo hukusanyika kusubiri habari, kisha hutawanyika mikono mitupu. Mwaka 2021 tuzo waliyoingojea ilikwenda kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, na mimi sikuwaonea huruma hata kidogo. Lakini Oktoba 4 ndiyo siku iliporushwa Sputnik ya kwanza, setilaiti ya Wasovieti, na Murakami ana riwaya yenye jina hilo, *Sputnik Sweetheart*, iliyotoka Japani mwaka 1999. Ndiyo maana katika makala iliyotangulia niliwahimiza wanaofuatilia mfululizo huu waisikilize kwa sauti, katika tafsiri ya Kiingereza ya Philip Gabriel. Maoni yamenifikia, na mengi ni manung'uniko.

Msimulizi, K, ni mwalimu wa shule ya msingi anayempenda Sumire, binti anayetamani kuwa mwandishi. Sumire naye amekufa akaoza kwa Miu, mwanamke mwenye mume, mwagizaji wa mvinyo, aliyemzidi miaka 17. Na Miu hawezi tena kumpenda mtu: zamani, katika mji mdogo wa Uswisi, alikwama usiku kucha juu ya bembea kubwa ya kuzunguka, akaelekeza darubini kwenye dirisha la chumba chake mwenyewe, akajiona yumo ndani na mwanamume. Nywele zake zote zikageuka nyeupe. Kisha Sumire anatoweka katika kisiwa cha Ugiriki, bila kuacha alama.

Hapo ndipo wengi waliponikasirikia. Msikilizaji mmoja, dereva wa safari ndefu, aliamini faili lake limeharibika. Mtu yupo, mara hayupo, na hakuna sura inayoeleza. Akalipakua upya. Mwingine, mwalimu wa kike, anasema K anawatazama wanawake kama mtu anayetazama dirisha la duka, na hapo sina cha kumbishia. Muuguzi wa zamu za usiku peke yake ndiye aliyekisikiliza kitabu mara mbili. Anadai anayesoma kwa macho hukimbilia mwisho, ilhali sauti humlazimisha kukaa na upweke wa wahusika kwa mwendo wa msomaji.

Nampa muuguzi alama zote, kwa sababu Sputnik yenyewe ilikuwa jambo la kusikilizwa. Tufe la sentimita 58, kilo 83.6, lenye antena nne, likiizunguka dunia kila baada ya dakika 96 hivi: nani angeliona kwa macho? Wengi waliotoka nje kulitazama waliona sehemu kubwa ya roketi iliyolibeba, iliyokuwa ikizunguka nayo huko juu. Aliyeipata Sputnik kwa hakika ni aliyekuwa na redio. Wasovieti walichagua makusudi masafa ya megahezi 20.005 na 40.002, na miezi kadhaa kabla jarida lao la redio lilikwisha kuwaarifu wanaredio wa ridhaa wakae tayari. Wakakaa. Mlio ule wa pip-pip ukasikika vyumbani na kwenye mabanda ya uani, dunia nzima.

Na maoni yakaanza, sawasawa na ya leo. Wengine walidhani ni ujumbe wa siri wa kijeshi. Wengine waliona ni dhihaka. Kumbe mlio ulibeba kidogo sana, hali ya joto na kanieneo ndani ya tufe, basi. Lakini katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, vijana wawili, William Guier na George Weiffenbach, hawakuuliza tufe linasema nini. Walisikiliza jinsi mlio ulivyopanda likija na kushuka likienda, na kwa badiliko hilo peke yake wakakokotoa njia yake angani. Mkubwa wao, Frank McClure, akaligeuza swali: ikiwa aliye chini anaweza kujua kilipo chombo, basi chombo nacho kinaweza kumjulisha aliye chini mahali alipo. Ndipo ulipozaliwa mfumo wa Transit, mtangulizi wa GPS inayomwongoza leo dereva yule yule aliyenilalamikia. Betri za Sputnik zilikwisha baada ya majuma matatu. Januari 4, 1958 tufe likaungua lilipokuwa likirudi.

Murakami analijua hili, kwani ameweka vipimo vya Sputnik mwanzoni mwa kitabu, pamoja na habari ya Laika, mbwa wa mitaa ya Moscow aliyerushwa ndani ya Sputnik ya pili. Nina ugomvi naye kidogo. Dibaji yake inamfanya Laika kiumbe wa kwanza kuvuka angahewa, ilhali nzi na nyani walikwisha kurushwa juu na Wamarekani wakashuka. Laika alikuwa wa kwanza kuizunguka dunia. Dunia ikaaminishwa kwamba aliishi siku kadhaa. Mwaka 2002 ndipo mwanasayansi wa Kirusi aliposema hadharani kwamba joto lilimuua saa chache tu baada ya kurushwa. Chombo kiliendelea kuubeba mzoga hadi Aprili 14, 1958. Umma uliosikiliza kwa unyofu ulilishwa uongo kwa zaidi ya miaka 40, na sijaona aliyeuomba radhi.

Na sanaa hiyo ya kusikiliza hatuirithishi: shule zetu zinanunua kompyuta, zinaweka vioo na kufuli, lakini hazina redio hata moja ya kumfundisha mtoto kutega sikio. Kituo cha Kimataifa cha Anga hupita juu yetu mara kadhaa kwa siku, na wanaanga wake huzungumza na wanafunzi wa nchi mbalimbali kwa redio ya ridhaa, katika megahezi 145.800. Antena yake mwalimu wa fizikia anaweza kuiunda kwa waya. Wizara zitasema hakuna bajeti. Bajeti ya waya!

Kwa walioniuliza kama simu anayopigiwa K mwishoni ni ya kweli au ni ndoto: mwandishi hakusema, nami sitamsemea. Juma lijalo tunarudi pwani ya Malindi, kwenye jukwaa la San Marco, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa Desemba 12, 1970. Waliotaka niendelee na mapenzi wanivumilie.