Tusinawe Mate Ukingoni mwa Mto: Faida za Sola Nyumbani

Mpenzi msomaji, hebu tuanze na kitendawili. Kitendawili! Tega! Napita kwenu kila siku, nawaangazia walio mbali, nyinyi wenyewe nawaacha gizani. Mimi ni nani? Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Haya, jibu lenyewe ni Mto Tana.

Msicheke, wenzangu, maana hili si la kuchekesha. Mto huu mrefu kuliko yote nchini mwetu, kabla haujatufikia sisi wa Garsen, hufanyishwa kazi kubwa sana huko juu. Kuna mabwawa matano ya kuzalisha umeme: Kindaruma lililokamilika mwaka wa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mitambo ya mabwawa hayo ina uwezo wa kutoa karibu megawati 600. Umeme huo huenda kuwasha taa na viwanda vya miji mikubwa. Maji yakimaliza kazi hiyo hushuka kwetu yakiwa na tope, samaki na mamba, na mwaka mwingine mafuriko.

Kuna na jambo la pili. Nguzo kubwa za chuma zinazobeba umeme wa kilovoti 220 kutoka Rabai hadi Lamu zinapita papa hapa kwetu, na Garsen mjini stima ipo. Lakini toka mjini uingie vijijini, huko ndani ya delta na huko malishoni, utakuta nyumba nyingi zikiwasha koroboi jua likizama. Umeme wa kilovoti 220 hauchovywi tu kama uji. Lazima ushushwe nguvu kwa transfoma, kisha uvutwe kwa nguzo ndogo mpaka mlangoni, na nyumba zikiwa mbalimbali gharama hupanda. Ndiyo maana nasema tumekaa ukingoni mwa mto tukinawa mate.

Lakini Mungu hamnyimi mja wake yote. Tulichopewa kwa wingi hapa ni jua, lile lile tunalolilalamikia saa saba za mchana darasani. Makala haya yanataka kueleza kwamba jua hilo laweza kuwa taa ya nyumbani, mradi tulifanyie hesabu na kulitunza.

Sola inafanyaje kazi? Ile paneli tunayoiona imeundwa kwa vipande vyembamba vya silikoni. Mwanga ukipiga silikoni huzisukuma chembe ndogo ziitwazo elektroni, zikaanza kutembea, na elektroni zikitembea ndiyo umeme huo. Mfaransa Edmond Becquerel aligundua mwaka wa 1839 kwamba mwanga unaweza kuzaa umeme, na mwaka wa 1954 wanasayansi wa Bell huko Marekani wakatengeneza paneli ya silikoni iliyofaa kwa kazi. Tahadhari, mwanafunzi mwenzangu: kinachofanya kazi ni mwanga, si joto. Kwa kweli paneli ikipata joto jingi sana hupunguza umeme kidogo. Kwa hiyo acha nafasi kati ya paneli na mabati ili upepo upite chini yake.

Kutoka kwenye paneli, umeme hupita kwenye kontrola, yaani kidhibiti kinachozuia betri isijae kupita kiasi wala isikauke kabisa. Kisha huingia betrini kungojea usiku. Ukitaka kutumia vyombo vya stima ya kawaida utahitaji pia inveta, lakini kwa taa, redio na simu si lazima.

Nilipokuwa nikimweleza bibi yangu mambo haya aliniangalia akatabasamu.

"Mjukuu wangu, jua ni la Mungu. Nyinyi mtalitia chupani?"

"Bibi, halitiwi chupani. Latiwa betrini."

"Na siku ya mvua?"

Swali la bibi ni zuri kuliko maswali mengi ya mitihani, na nitalijibu huko mbele.

Wengine hudhani sola ni mambo ya juzi tu. La. Mwaka wa 1984, katika Shule ya Upili ya Harambee ya Karamugi, upande wa Meru, mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani aitwaye Mark Hankins alishirikiana na mhandisi Harold Burris kuweka taa za sola madarasani. Walimu walipoona wanafunzi wanasoma usiku bila kelele za jenereta, nao wakatamani za kwao nyumbani, na habari ikaenea. Kwa hiyo, ndugu zangu, sola za nyumbani nchini Kenya zina deni kwa shule ya sekondari kama yetu.

Sasa tuzitaje faida zenyewe.

Kwanza ni masomo. Anayesoma kwa koroboi huinamia kitabu mpaka nywele ziungue, na mafuta yakikaribia kwisha mama husema, "Zima hiyo, kesho tutapikia nini?" Balbu ndogo ya wati 5 za siku hizi hutoa mwanga wa kutosha watoto wanne kuzunguka meza moja. Mtihani wa taifa ni ule ule kwa mtoto wa Nairobi na wa Garsen. Haufai kuamuliwa na chupa ya mafuta ya taa.

Pili ni afya na usalama. Moshi wa koroboi huingia machoni na mapafuni. Mtoto mdogo akiona mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda hunywa akidhani ni maji. Na nyumba ya makuti au ya nyasi, koroboi ikipinduka, haingoji zimamoto. Balbu ya sola haina moto wa kuwashia paa.

Tatu ni mfuko. Chukua daftari uandike. Tuseme nyumba yenu inatumia shilingi 150 kwa wiki kwa mafuta ya taa, na shilingi 100 kuchajisha simu za baba, mama na kaka kwenye duka la mjini. Hizo ni 250. Zidisha kwa wiki 52, utapata shilingi 13,000 kwa mwaka, na mwaka ujao utaanza upya. Weka hesabu ya kwenu halisi mahali pa hii yangu. Paneli nzuri hudumu miaka 25 hivi. Betri ndiyo huchoka mapema, lakini hata hiyo ukiitunza hukaa miaka kadhaa.

Nne ni mafuriko, na hapa ndipo wengi hawajafikiri. Tumeyaona ya El Niño ya 1997, ya 2018, ya 2023 na ya 2024. Barabara ikikatika, lori la mafuta halifiki, na kidogo kilichobaki dukani hupanda bei. Jua halingoji barabara. Paneli iko juu ya paa, na betri ukiiweka juu ya rafu badala ya sakafuni, ukiambiwa uhame unaibeba. Kwenye kambi, usiku wa kwanza, taa moja hukuonyesha nyoka alipo na mtoto alipolala. Simu yenye chaji ndiyo itakayoomba msaada.

Tano, sola haibagui. Mkulima wa Kipokomo mwenye nyumba ya mabati ataifunga paani. Mfugaji wa Kiorma anayehama na ng'ombe wake atachukua paneli ndogo, aifunge kwenye mzigo wa punda, na jioni aiwashe taa yake popote alipofika. Hata wa mjini mwenye stima ana haja nayo. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima kwa masaa mengi. Siku hiyo mwenye sola kijijini alilala na mwanga, na wenye maghorofa wakatafuta mishumaa.

Basi nyumba inahitaji sola ya kiasi gani? Hesabu yake ni ya kidato cha kwanza. Balbu 4 za wati 5, kwa saa 5, ni wati-saa 100. Redio ya wati 5 kwa saa 6 ni 30. Simu tatu, kila moja 10, ni 30. Jumla ni wati-saa 160 kwa siku. Huku kwetu, nyuzi mbili na kidogo tu kusini mwa Ikweta, siku ya kawaida hutupa kama saa 5 za jua kali. Paneli ya wati 50 itatoa 250, nyaya na betri zitakula sehemu, tubaki na kama 175. Inatosha! Ukiongeza televisheni ndogo ya wati 25 kwa saa 4, jumla yafika 260, na hapo paneli ya 50 haitoshi tena. Nunua ya 100.

Sasa nimjibu bibi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 hubeba wati-saa 600. Ikiwa ni betri ya asidi, usitumie zaidi ya nusu, kwa sababu ukiikausha kila siku itakufa upesi. Nusu yake ni 300, yaani karibu usiku mbili za matumizi yetu. Mawingu yakizidi hapo, zima redio, bakisha taa moja. Paneli hutoa umeme hata siku ya mawingu, ila kidogo. Betri za lithiamu huvumilia zaidi, lakini bei yake ni ya juu.

Nisije nikasifia tu kama mchuuzi, matatizo yapo. Jirani yetu alinunua betri kuukuu ya gari kwa sababu ni rahisi. Baada ya miezi sita ikabaki ya kukalia. Betri ya gari imeundwa kuwasha injini kwa nguvu ya ghafla, si kutoa umeme pole pole usiku kucha. Rahisi ni ghali. Dai risiti na hati ya dhamana kabla hujatoa pesa.

Wasio na pesa za mkupuo wanaweza kulipa kidogo kidogo kwa simu. Kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza sola kwa mtindo huo wa M-Pesa mwaka wa 2012, na nyingine zikafuata. Ni msaada mkubwa, lakini jumlisha malipo yote kabla ya kukubali, kwa kuwa huzidi bei ya taslimu, na ukikosa kulipa taa hufungwa.

Kuhusu kufunga paneli: ielekee kaskazini kidogo na iinamishwe nyuzi 10 hivi ili mvua iioshe. Isiwe chini ya kivuli cha mwembe au mnazi, kwani kivuli kidogo tu hupunguza umeme mwingi. Vumbi na kinyesi cha ndege vifutwe kwa kitambaa chenye maji, asubuhi kabla paneli haijapata moto. Paa la makuti halishiki skrubu, hivyo simamisha fremu kwenye nguzo imara. Na funga vizuri, maana wezi nao wanapenda sola.

Serikali nayo isisahau wajibu wake. Mwaka wa 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kupeleka umeme wa jua katika kaunti 14 zilizokuwa nyuma, na Tana River imo. Mwaka wa 2019 kituo kikubwa cha sola kilifunguliwa Garissa, jirani zetu wa mto huu huu. Tuwaulize viongozi wetu kwa adabu: vijiji vyetu vimefikiwa na nini? Lakini tunapouliza, tusikae gizani kungoja jibu.

Walimu wetu na wanafunzi wenzangu, likizo hii kila mmoja afanye ile hesabu ya daftari na wazazi wake. Mwenye uwezo aanze na paneli kubwa. Asiyenao aanze na taa moja ya kusomea, maana haba na haba hujaza kibaba. Mto wetu umekwisha kuwaangazia wengine kwa miaka mingi. Jua hili lililo juu ya mapaa yetu, tulitumie wenyewe.