Je, Wajua? Mwitaliano, Mjapani na Chungu cha Lubumbashi

Je, wajua kwamba mwaka 2015 mpishi Mjapani, Yoji Tokuyoshi, alifungua mkahawa wake mjini Milano, akaanza kuwapikia Waitaliano chakula chao wenyewe kwa mkono wa Kijapani? Kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa Massimo Bottura kule Modena. Haukupita mwaka, kitabu cha Michelin kikampa nyota. London nako, mtaani Dalston, mkahawa wa Angelina umekuwa ukichanganya jiko la Italia na la Japani tangu 2019. Anayesoma haya akiwa katika mitaa yetu ya Kenya au Kamalondo asidhani ni mambo ya mbali. Vitu vingi vinavyopatanisha majiko hayo mawili tunavyo sisi humu Lubumbashi.

Je, wajua kwamba bukari, ugali wetu, ina ndugu Italia? Anaitwa polenta. Kaskazini mwa nchi hiyo, wakulima walisonga unga wa mahindi kwa mwiko mrefu, wakaumwaga uji mzito juu ya ubao katikati ya meza, wakausubiri ushike, kisha wakaukata kwa uzi. Ndiyo, uzi, maana kisu hunata. Na kitoweo? Mjini Vicenza ni samaki mkavu wa Norwei, aliyelowekwa siku kadhaa, akapikwa polepole kwa maziwa, vitunguu na mafuta. Mtu wa Katanga aliyezoea bukari na makayabo, samaki wa chumvi, akikalishwa kwenye meza hiyo hatahitaji kuelezwa anakula nini.

Samaki huyo wa Vicenza ana historia yake. Mwishoni mwa 1431 nahodha wa Venezia, Pietro Querini, alivunjikiwa na merikebu, na mwanzoni mwa 1432 akaokolewa na wavuvi wa kisiwa cha Røst, kaskazini mwa Norwei. Huko alikuta watu wakianika samaki kwenye baridi na upepo mpaka wakauke kama kuni. Aliporudi kwao aliwasimulia.

Je, wajua kwamba polenta iliwahi kuumiza watu? Katika karne ya 18 na 19, maskini wa kaskazini mwa Italia waliokula mahindi matupu walipata ugonjwa wa pelagra: ngozi hupasuka, tumbo huharisha, akili huvurugika. Mahindi yana vitamini inayozuia ugonjwa huo, ila imefungwa, mwili hauipati. Kwa hiyo anayempa mtoto bukari na chumvi tu, mwezi baada ya mwezi, anamhatarisha. Maharagwe, karanga, samaki: mojawapo lazima liwemo.

Je, wajua kwamba sufuria ya jadi ya kusongea polenta, paiolo, ni ya shaba? Na kwamba kikaango cha mraba ambacho mpishi Mjapani hukunjia mayai yake, kilicho bora, ni cha shaba pia? Shaba hupokea moto upesi na kuusambaza sawasawa, chakula hakiungui upande mmoja. Tangu 1911, mwaka ambao tanuri la kampuni ya Union Minière lilianza kuyeyusha shaba hapa mjini, tumekuwa tukiipelekea dunia nzima madini hayo. Jikoni kwetu tunapikia alumini.

Je, wajua kwamba Wajapani wamewahi kuishi mkoani kwetu? Kampuni ya SODIMIZA, iliyoongozwa na Nippon Mining, ilichimba shaba Musoshi, karibu na Kasumbalesa, kuanzia 1972. Wajapani waliondoka mwaka 1983.

Na upande wa Italia? Wayahudi wengi waliojenga maduka na sinagogi la Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, walitoka kisiwa cha Rhodes, kilichokuwa chini ya Italia tangu 1912. Nissim Soriano, baba yake mwanasiasa Moïse Katumbi, alikuwa mmoja wa watu wa Rhodes, na biashara yake huku ilikuwa ya samaki.

Je, wajua kwamba klabu yetu, TP Mazembe, imefungwa mabao 3-0 na Waitaliano na pia na Wajapani? Tarehe 18 Desemba 2010, Abu Dhabi, ilikuwa Inter Milan, katika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, fainali ambayo hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imewahi kuifikia. Tarehe 13 Desemba 2015, Osaka, ilikuwa Sanfrecce Hiroshima. Ile ya Abu Dhabi bado ni heshima kubwa, hata kwa matokeo hayo.

Turudi jikoni. Je, wajua kwamba mchele wa risoto na mchele wa sushi ni wa jamii moja, ile iitwayo japonica? Punje ni fupi, hunatana.

Je, wajua spageti za Kijapani zilianzaje? Baada ya vita kwisha mwaka 1945, jeshi la Marekani liliichukua hoteli ya New Grand mjini Yokohama. Mpishi Shigetada Irie aliwaona askari wakila spageti na ketchup, akatengeneza yake kwa nyanya, vitunguu na nyama ya nguruwe, akaiita Naporitan. Mjini Tokyo, mkahawa wa Kabe no Ana ukaenda mbali zaidi: mayai ya samaki yaliyotiwa chumvi yanasuguliwa na siagi bakulini, spageti za moto zinatupwa humo na kugeuzwa haraka, mayai yanageuka kutoka waridi hadi meupe, kisha juu unanyunyizwa mwani mweusi uliokatwa vipande vyembamba. Ni dakika moja ya kazi.

Kwa nini majiko haya mawili yanapatana? Mwaka 1908, Profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo aligundua kwamba utamu wa mchuzi wa mwani unatokana na glutameti, inayoleta ladha ya tano mbali na tamu, chumvi, chachu na chungu. Glutameti hiyo imejaa katika nyanya zilizoiva na jibini ya Parma. Mwaka 1913, mwanafunzi wake Shintaro Kodama akapata mwenzake ndani ya samaki mkavu: inosineti. Zikikutana mdomoni, ladha haijumlishwi, inazidishwa.

Sasa fikiria ndakala, samaki wadogo wa ziwa Tanganyika, wamekaushwa juani, wanakaangwa na nyanya na kitunguu. Glutameti na inosineti katika sufuria moja. Mama wa soko la Mzee, Lubumbashi, amekuwa akifanya hesabu ya Kodama bila kuhitaji maabara, na kwa maoni yangu anaifanya vizuri kuliko wapishi wengi wenye nyota.

Je, wajua kwamba hata kipande cha Maggi kilitoka mwaka huohuo wa 1908? Mwenye jina hilo, Julius Maggi, alizaliwa Uswisi, na baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Italia.

Na samaki wetu Thomson, anayeuzwa kwa katoni akiwa na barafu, mara nyingi akivuliwa Namibia? Ni jamii moja na samaki ambaye Wajapani humwita aji, nao humpenda akiwa amepasuliwa, ametiwa chumvi na kuanikwa. Wewe au mzazi wako, mliowahi kuwapikia Wajapani wa Musoshi, waandikieni wajukuu mlipika nini pale kambini.